Majibu ya vipimo ni ya aliyepimwa

Bosi amekataa ED yangu (cheti cha daktari cha kupumzika kazini) ya siku tatu kwa sababu daktari hakuandika naumwa nini. Nimwambie? (Morogoro)

Kama hutaki, usimwambie. ED inamweleza kwamba huwezi kufanya kazi, na mpaka lini. Akiitilia shaka, aulize hospitali kama imetoka huko.

Kwenye dirisha la dawa nesi alipaza sauti: "Nani wa dozi ya TB?" Foleni nzima ikanigeukia. Nishtaki wapi? (Tabata)

Pole sana. Watu wanahofia wadukuzi wa kompyuta, lakini siri nyingi za wagonjwa zinavuja hivihivi: dirishani, kwenye benchi, au daktari anapohoji wagonjwa wawili meza moja na mlango uko wazi. Mwandikie mganga mfawidhi, utaje siku, saa na dirisha, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akikaa kimya, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ina Tume inayopokea malalamiko.

Dawa usiache. Dozi ya kawaida ya TB ni miezi 6, na anayekatisha kwa aibu anaweza kupata TB sugu, akaiambukiza foleni ileile. Wafawidhi, iteni watu kwa namba!

Binti yangu wa miaka 16 amepima VVU bila idhini yangu. Kituo hakijakosea? (Mbeya)

Hakijakosea. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaridhia mwenyewe. Usiende kugombana na mshauri nasaha, mama. Kaa na mwanao, na usianze na habari ya majibu.

Naweza kutuma picha ya vipimo vya dada kwenye grupu la familia tusaidiwe kuvisoma? (Dodoma)

Hapana, na nimechoka kulijibu hili. Mnanitumia hata mimi karatasi zenye jina kamili na namba ya faili za watu wasiojua lolote. Nazifuta. Dada arudi kwa daktari aliyeagiza vipimo. Nanyi mnaopiga picha wagonjwa wodini, dripu mkononi, mkaziweka stetasi kuwaombea dua: aliyelala hoi amewaruhusu saa ngapi?

Baba ameshafariki. Daktari wake anaruhusiwa sasa kusimulia alichougua? (Tanga)

Hapana. Tamko la Geneva, ahadi ya madaktari duniani, linamtaka atunze siri za mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufa.