Kabla Hujakilaumu Kitasa: kwa vijana wanaoanza kutengeneza milango na madirisha ya vioo viwili

Vijana wanaoingia katika kazi hii hapa Uingereza siku hizi wana mikono myepesi kuliko tuliyokuja nayo sisi, na wengi wao hujifunza kwa wiki chache mambo ambayo mimi niliyapata kwa kuungua. Hata hivyo naliona kosa moja likirudiwa kila msimu wa baridi. Mteja anapiga simu na kusema kitasa cha mlango wa nyuma kimekufa, kijana anashuka garini na giaboksi mpya mkononi (kile kijisanduku cha gia kilicho katikati ya kitasa), na kabla hajautazama mlango wenyewe tayari ameshafungua skrubu za kishikio. Nawapenda vijana hawa na ninataka wadumu katika kazi, kwa hiyo wanivumilie nikisema kwa ukali kidogo.

Wengi wetu tumelitoa kosa hili nyumbani. Kitasa cha Union ambacho fundi wa Dar es Salaam au Mombasa anakichimbia katika mlango wa mninga ni kitu kinachojitegemea: kina ulimi wake na komeo lake, na ubao mnene unakibeba pande zote. Kikiharibika unakitoa, unaweka kingine, unalipwa. Mlango wa PVC wenye vioo viwili hauendi hivyo. Kitasa chake ni utepe wa chuma uliopanda ukingo mzima wa mlango, wenye kulabu, rola na komeo, na katikati yake ipo giaboksi inayovisukuma vyote kwa pamoja unapoinua kishikio. Kila kulabu ina tundu lake kwenye fremu, na mlango ukishuka milimita chache tu, kulabu haikuti tundu, inakuta chuma. Mwenye nyumba naye huongeza nguvu ya mkono, na nguvu yote hiyo huishia ndani ya giaboksi. Kwa hiyo giaboksi nyingi mnazozitoa zimevunjika zilivunjwa na kitu kingine, na kitu hicho bado kipo mlangoni mnapoondoka.

1. Kijaribu kitasa mlango ukiwa wazi.

Fungua mlango, inua kishikio, zungusha ufunguo, kisha rudisha. Kama kila kitu kinakwenda laini mlango ukiwa wazi na kinakuwa kigumu ukifungwa, kitasa ni kizima na ugonjwa uko kwenye mkao wa mlango. Kama ni kigumu hata ukiwa wazi, toa silinda (ile sehemu unayoingiza ufunguo) ujaribu kishikio peke yake. Kikilainika, tatizo ni silinda, na kisipolainika, hapo ndipo una haki ya kuishuku giaboksi au utepe. Jaribio hili halihitaji hata bisibisi hadi unapofika kwenye silinda, na sijui kwa nini inanibidi niliseme kila wiki.

2. Tafuta sababu ya mlango kushuka.

Kioo ni kizito. Kila milimita moja ya unene ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo vioo viwili vya milimita 4 vina kilo 20 kwa mita ya mraba, na mlango wa bustani wenye kioo kirefu unabeba uzito huo miaka yote ukiwa umening'inia upande mmoja. Plastiki peke yake haiwezi kuubeba bila kupinda. Kinachoubeba ni kioo chenyewe, ikiwa kimetegwa sawasawa: kabari za plastiki zinawekwa chini upande wa bawaba na juu upande wa kitasa, ili uzito uteremke kwa mshazari hadi kwenye bawaba ya chini, kama ubao wa mshazari unavyolishikilia lango la mbao lisilale. Kabari zikihama au zikiwekwa pembe zisizo zake, upande wa kitasa unashuka, na hakuna kitasa kitakachopona hapo.

Jambo hili nililijua kwa kulisoma kabla sijalijua kwa maumivu, na nadhani ndivyo ilivyo kwa wengi wenu. Katika miaka yangu ya mwanzo niliitwa kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake. Mlango wake wa mbele ulikuwa na ngazi ambazo magoti yake hayakuziweza tena, kwa hiyo maisha yake yote ya kutoka na kuingia yalipitia mlango wa nyuma, na kishikio cha mlango huo kilikuwa kinazunguka bure. Nilibadilisha giaboksi. Aliniambia, nakumbuka vizuri, kwamba mlango ulikuwa unakwaruza kizingiti tangu kiangazi, nami nikamjibu kwamba milango yote hukwaruza kidogo. Baada ya muda giaboksi ikavunjika tena. Nikailaumu bidhaa, nikaweka nyingine ya bei kubwa zaidi, nikamtoza kazi yangu, na nilipomwona akihangaika kuinua kishikio nikamwelekeza akiinue kwa nguvu na kwa mikono miwili. Maneno hayo ndiyo yanayoniuma hadi leo. Nilimfundisha mzee kutumia nguvu ili kufidia kazi ambayo mimi sikuifanya.

Mara ya tatu ilivunjika jioni ya Januari, kulabu zikiwa zimeingia na mlango umefungwa. Giaboksi ikivunjika katika hali hiyo, ufunguo na kishikio havina la kufanya, na mtu aliyemo ndani hana njia. Mwanawe alinipigia simu, akasema mama yake ameumia kiwiko cha mkono kwa kulivuta dude lile, na kwamba mhudumu anayekuja asubuhi hataweza kuingia. Nilimwomba fundi mmoja mkubwa kwangu kikazi aje nami. Kuufungua mlango bila kuuharibu kulichukua muda mrefu, na ulipofunguka yeye hakuitazama kabisa giaboksi. Alipiga magoti, akaweka kidole kwenye fremu, akanionyesha mfereji uliochimbwa na kulabu chini ya tundu lake. Mfereji ule haukuwa wa jana. Ulikuwapo siku yangu ya kwanza, umeng'aa, mbele ya macho yangu. Kisha alitoa vibanio vya kioo, yaani vile vipande vya plastiki vinavyokishika kioo kando kando, na kabari zote zikaonekana zimelala chini ya kioo upande wa kitasa, mahali ambapo hazikuwa na kazi. Tulikiinua kioo, tukazitega upya, na pembe ya mlango ikapanda. Tulipoweka giaboksi, bibi alikiinua kishikio kwa mkono wake mzima bila kukaza hata bega.

Nilimrudishia fedha za mara zote. Aliuliza swali moja tu: kama kule kuniambia kwake kuhusu kizingiti kulikuwa na maana yoyote. Kulikuwa na maana yote. Mteja anaweza asilijue jina la kifaa hata kimoja, lakini yeye ndiye anayeishi na mlango, na historia ya ugonjwa iko kwake. Mwulizeni umeanza lini kuwa mgumu, ni mgumu asubuhi au alasiri, unagusa wapi, na je, kuna mtu aliyebadilisha kioo karibuni. Swali hilo la mwisho limeniokoa mara nyingi, kwa sababu anayebadilisha kioo kwa haraka husahau kabari.

3. Vibanio vya kioo vitolewe kwa adabu.

Anza na kirefu, katikati, kwa patasi pana isiyo na makali, na uviwekee alama kwa penseli, kwa maana kilichotoka mwisho ndicho kinachorudi kwanza. Kioo cha mlango hutakiwa kiwe kioo cha usalama, na mara nyingi ni kile kilichoimarishwa kwa moto, chenye mhuri mdogo kwenye pembe. Unaweza kukipiga kwenye uso wake kikastahimili, lakini ukigonga ukingo wake kwa ncha ya chuma kinamwagika chote kwa mara moja. Vaeni glavu na miwani.

4. Usikimbilie kusogeza vipokezi.

Vile vipande vya chuma kwenye fremu vyenye matundu ya kulabu vina skrubu za kurekebishia, na kuna mafundi wanaoviteremsha ili viufuate mlango ulioshuka. Mlango utafunga siku hiyo, mteja atashukuru, na utashuka tena. Kwanza kabari, kisha bawaba, na vipokezi mwisho. Kwenye bawaba tumia spana ya alen kwa robo mzunguko, funga mlango, tazama nafasi kati ya mlango na fremu juu na chini, kisha endelea. Kimo kipandishwe sawa kwa bawaba zote, maana bawaba moja ikiachwa ibebe mlango peke yake itakatika.

Jua nalo lina sehemu yake. Plastiki hutanuka, na mlango wa mita 2 usio na chuma ndani unaweza kurefuka kwa karibu milimita 4 joto lake likipanda nyuzi 30, jambo ambalo si geni kwa mlango wa rangi nyeusi unaotazama kusini. Mteja akilalamika mwezi Julai saa tisa alasiri, rudi asubuhi uupime tena kabla hujakata au kusogeza chochote. Nimeona kijana akiurekebisha mlango vizuri kabisa kwenye joto, na Novemba upepo ukapita pembeni mwake hadi pazia likacheza.

5. Vipimo vichukuliwe kutoka kwenye kifaa kilichotoka, kamwe si kwa kukisia.

Kwenye giaboksi pima kutoka katikati ya tundu la mraba la kishikio hadi katikati ya duara la silinda, ambapo milimita 92 ndicho kipimo cha kawaida zaidi, kisha kutoka uso wa utepe hadi katikati ya tundu la mraba, ambapo mara nyingi utapata 35. Milimita 92 kuwa ya kawaida hakumaanishi kwamba mlango ulio mbele yako ni wa kawaida.

6. Silinda ni usalama wa watu waliolala.

Inapimwa kutoka katikati ya tundu la skrubu inayoishikilia kwenda kila upande, kwa hiyo ya 35/45 ukiigeuza hukupata silinda ile ile: upande mmoja itazama, na mwingine itachomoza. Ikichomoza nje zaidi ya milimita 3 kutoka kwenye bamba la kishikio, umempa mwizi mahali pa kushika na kuivunja. Tafuteni zenye nyota 3 za TS 007, kiwango cha Uingereza cha kupima jinsi silinda inavyomstahimili mwizi, au ya nyota 1 pamoja na kishikio cha nyota 2. Isipotaka kutoka baada ya kutoa skrubu, usiipige nyundo. Ingiza ufunguo, uuzungushe kidogo sana hadi ulimi wake ulingane na mwili, nayo itateleza. Mafuta ya kupuliza msiyatie humo kamwe, kwa sababu hulainisha kwa wiki chache kisha hukusanya vumbi na kuwa tope. Unga wa grafiti unatosha. Milango ya kuingilia kwenye nyumba za maghorofa, ile iliyothibitishwa kuzuia moto, iacheni kwa wenye ujuzi nayo: hata kubadilisha kishikio kwa kingine chochote kunaweza kuiondolea sifa yake.

7. Madirisha nayo hufuata kanuni ile ile.

Kishikio cha dirisha kikivunjika, kabla hujauliza kama kijiti chake cha mraba ni cha milimita 7 na kinahitaji urefu gani, jaribu bawaba. Mara nyingi utakuta mkono wa bawaba umekwama kwa kutu na vumbi, na mpangaji amekuwa akilivuta dirisha zima kwa kutumia kishikio hicho. Bawaba hubadilishwa mbili kwa pamoja. Angalia kama dirisha linafunguka kwa juu au kwa ubavu, pima urefu wa reli ya bawaba ya zamani, na pima kimo cha bawaba ikiwa imejikunja, kwa kuwa ya milimita 13 na ya 17 zinafanana machoni lakini dirisha halitabana mpira wake ukizichanganya.

Jambo ambalo sitalivumilia kabisa ni hili. Madirisha mengi ya vyumba vya kulala yamewekewa bawaba za uokozi, zinazolifungua dirisha hadi karibu nyuzi 90 ili mtu atoke nyumba ikiwaka moto. Kwa madirisha ya namna hiyo mwongozo wa ujenzi wa hapa Uingereza unataka uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, na upana na kimo visivyopungua milimita 450 kila kimoja. Bawaba ya kawaida ya urefu ule ule itaingia kwenye matundu yale yale ya skrubu, dirisha litafunga vizuri, na mteja hatajua kwamba uwazi umepungua. Kijana mmoja niliyekuwa namsimamia alifanya hivyo katika chumba cha mtoto ghorofani, kwa sababu dukani bawaba za uokozi zilikuwa zimekwisha. Nilimrudisha siku ile ile, tukamweleza mama wa nyumba tulichokosea, na kwa kuwa duka lilikuwa limefungwa tulizirudisha za zamani, chakavu vile vile, hadi mpya zilipopatikana. Dirisha lilikuwa gumu kufunga kwa siku hizo, lakini lilifunguka lote.