Jibu: Mama anatoa damu anapojisaidia, miaka miwili baada ya mionzi

Ndugu yangu, umeuliza kama damu hiyo ni dalili kwamba saratani ya mlango wa kizazi ya mama imerudi. Mimi si daktari. Nilitibiwa ugonjwa huohuo mwaka 2015, na damu ya namna hiyo niliiona mwezi wa 19 tangu nimalize tiba. Kwangu haikuwa saratani, yalikuwa madhara ya mionzi yenyewe, lakini hilo lilijulikana baada ya vipimo, kwa hiyo mama naye apimwe.

Wodini sote tiba ya mionzi tuliiita "kuchomwa", ingawa mionzi haiunguzi uvimbe kama moto. Huharibu vinasaba vya seli, na seli iliyoharibika hufa inapojaribu kugawanyika, ndiyo maana uvimbe huendelea kunywea wiki kadhaa baada ya tiba kwisha. Seli zenye afya nazo huumia, ila hujirekebisha vizuri zaidi zikipewa muda. Kwa sababu hiyo nilipewa grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi) zilizogawanywa kwa siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki, kisha mionzi ya ndani, yaani inayotolewa kupitia ukeni.

Puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kibofu vimepakana na mlango wa kizazi, hivyo haviwezi kuikwepa mionzi yote. Kuhara kwa wiki zile za tiba kwa kawaida hupungua na kwisha. Madhara ya baadaye yana asili nyingine: mishipa midogo ya damu huziba polepole, nyama hukakamaa kama kovu, na kwenye ukuta wa puru hujitokeza vimishipa dhaifu vinavyovuja damu choo kigumu kinapopita.

Kabla mama hajaingizwa kamera ya kuchunguza puru, daktari aambiwe kwamba alipata mionzi ya nyonga, na aone karatasi za tiba. Kinyama cha kupima kikikatwa ovyo kwenye ukuta wa mbele wa puru uliopigwa mionzi, kidonda huweza kukataa kupona hata pakatoboka hadi ukeni. Mimi nilitibiwa kwa dawa ya sukralfeti iliyoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na damu ikapungua taratibu.

Kuna jambo ambalo huenda mama anaona haya kukuambia. Uke husinyaa na kufupika, na kuna vipanuzi vya kuuzuia usizibe, lakini hospitali niliyotibiwa haikunitajia hata siku moja. Nililisikia kwa mgonjwa mwenzangu, nikiwa nimeshachelewa. Mwanamke wa makamo anamuuliza nani habari hizo? Mtafutie muuguzi wa kike wakae faragha.

Iwapo pamoja na damu hiyo mguu mmoja umeanza kuvimba, au ana maumivu yanayoshuka kutoka makalioni hadi mguuni, huenda ni saratani imerudi, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni wiki hii hii.