Nyangumi muuaji na mashua yangu

SWALI: Shikamoo mzee. Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe, wamemzingira nyangumi mkubwa mpaka wakamuua. Wewe uliyezunguka dunia umewahi kuwaona wakiwinda? Na mwenye mashua akikutana nao atapona?
Mvuvi, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Miaka 31 ya ubaharia sikuona hata pezi lao. Nimestaafu, nimekwenda Australia Magharibi kumwona binti yangu, ndipo akanikatia tiketi ya boti ya watalii pale Bremer Bay. Nilinung'unika: baharia mzima kulipia bahari!

Tulikwenda mbali, hadi pale sakafu ya bahari inapoporomoka na kuwa korongo. Kwanza ndege, wengi mno. Halafu katikati ya yale mawimbi marefu ya kusini maji yakalala, kama mtu kamwaga mafuta ya nazi. Nahodha akapunguza mwendo, akasema wameshaua. Harufu ikanijia, ng'onda mtupu wa siku ya kwanza juani.

Jike mmoja akapita ubavuni mwetu, amejilaza upande, kinywani kashika pande la nyama nyeupe linalopepea kama shuka. Nyuma yake mtoto. Mama akaliachia, mtoto akalidaka. Pezi la dume likachomoza karibu na shetri. Mapezi hayo hufika karibu mita 1.8, na mimi kimo hicho sina.

Ulichoonyeshwa huenda ni cha huko huko. Machi 2019 watafiti waliwashuhudia nje ya Bremer Bay wakimuua nyangumi buluu mzima, na majike ndio waliokuwa mbele. Mmoja alitia kichwa kinywani mwa yule nyangumi angali hai, yaelekea akitafuta ulimi.

Sasa mashua yako. Hakuna rekodi ya nyangumi muuaji wa baharini kumuua mtu. Ila sukani, hiyo ni habari nyingine: tangu 2020, pwani ya Hispania na Ureno, kuna kundi linalogonga na kuvunja sukani za mashua za matanga, na baadhi zimezama. Hao chakula chao ni jodari, kwa hiyo si njaa ya mtu.

Kwetu huonekana kwa nadra. Ukiwaona, vuta mshipi, usiwatupie samaki, usiwafuate. Na hiyo picha unitumie.