Maswali na majibu: kisu cha mlimani na kambini

Tunapanda Kilimanjaro mwezi wa tisa. Mwenzangu ananihimiza ninunue kisu kikubwa cha kukatia kuni. Nimsikilize?
*Msomaji, Dodoma*

Usimsikilize. Ndani ya hifadhi ile kuwasha moto wa kuni ni marufuku, na kukata mti ni kosa. Wapishi wanapikia gesi. Kazi itakayokubakia ni kukata kamba, kufungua pakiti, kumenya embe na kukata plasta ya malengelenge, na hiyo yote inafanywa na kisu cha kukunja chenye bapa la sentimita 6 hadi 8. Victorinox aina ya Spartan kina uzito wa gramu 60 hivi, na juu yake unapata bisibisi na kifungua makopo. Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi unalokabidhi kaunta. Kikikutwa kwenye begi la mkononi, umekipoteza.

Na sisi tunaolala kambini ambako moto unaruhusiwa, tuchukue kisu gani?
*Msomaji, Morogoro*

Kisichokunjwa, bapa la sentimita 9 hadi 11, unene wa milimita 2.5 hadi 3. Unene ndio unaowaponza wengi. Dukani kisu cha milimita 5 kinaonekana cha kiume, lakini kipeleke kwenye karoti: hakiikati, kinaipasua kama kabari, na kwenye kitunguu kinateleza kuelekea vidoleni. Kisu chembamba kinachongea vigingi vya hema, kinatoa magamba ya samaki na kinakata nyama bila kulazimishwa.

Mora Companion cha Sweden ni mfano mzuri wa bei nafuu: bapa la sentimita 10.4, unene milimita 2.5. Kasoro yake ni kwamba chuma hakifiki mwisho wa mpini, kwa hiyo usikigongelee gogo ukitaka kupasua kuni nene. Kazi hiyo ni ya panga au shoka.

Kabla ya kulipa, lowesha mkono na ushike mpini kwa nguvu. Kama hauna kizuizi cha kidole mbele, siku moja mkono utateleza hadi kwenye makali. Ichukue ala, igeuze juu chini uitikise. Kisu kikichomoka, kiache. Visu vyenye meno ya msumeno mgongoni viache pia: meno hayo hayakati kuni, yanachana begi tu. Rangi ya mpini iwe ya chungwa au nyekundu. Mweusi ukianguka majanini jioni, mtautafuta hadi asubuhi.

Nina kisu cha kukunja cha Opinel, namba 8. Naruhusiwa kutembea nacho mfukoni hapa Uingereza?
*Msomaji, Leicester*

Bila sababu ya msingi, hapana. Kisu kinachoruhusiwa hadharani bila maelezo ni cha kukunja, chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62), kisicho na kifungio cha kuzuia bapa lisijikunje. Chako kimekosa yote mawili: bapa lina sentimita 8.5, na ile pete ya shingoni ndiyo kifungio. Kwenda kambini ni sababu inayoweza kukubaliwa siku ya kambi yenyewe. Kujilinda si sababu. Kiweke chini kabisa ya begi, na ukirudi kitoe.

Mhunzi wa mtaani kwetu anatengeneza visu vya springi za gari. Vinafaa?
*Msomaji, Nakuru*

Chuma cha springi ni kizuri sana; kinachoharibu ni moto. Muulize amekifanyaje. Anayejua kazi atakwambia amekipasha mpaka kikawa chekundu na sumaku ikaacha kukishika, akakizamisha kwenye oili, kisha akakirudisha kwenye moto mdogo, nyuzi 200 hivi, ili kisiwe kikavu na kuvunjika. Akiruka hatua ya mwisho, ncha itakatika kama kigae. Akiwa hakukizamisha kabisa, makali yatalala siku ya kwanza.

Omba tupa mpya uipitishe taratibu kwenye makali. Ikila kirahisi kama kwenye msumari, chuma ni laini. Ikiteleza kabisa bila kushika, ni kikavu mno. Kisu kinachofaa, tupa inakishika kidogo tu. Angalia pia rangi ya bluu karibu na makali: hiyo ni alama ya mashine ya kusaga iliyopita nyuzi 300, na sehemu hiyo imeshapoteza ugumu hata kama kwingine kuko sawa. Alipaswa kukichovya majini kila baada ya sekunde chache.

Huku pwani kila kisu kinashika kutu. Nifanyeje?
*Msomaji, Kilifi*

Nunua kisichoshika kutu, na bado ukisuuze maji baridi ukitoka baharini, kwa sababu chumvi huweza kukitia madoa. Ukipenda chuma cha kawaida, kifute kila baada ya kukata ndimu au embe na ukipake mafuta kidogo. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi: ngozi inanyonya unyevu na kuushikilia.

Nanoa leo, kesho hakikati hata nyanya. Kwa nini?
*Msomaji, Bukavu*

Bila shaka unaishia katikati. Tumia kinoo namba 1000, na namba 400 kwa makali yaliyomeguka tu. Bapa likiwa na upana wa sentimita 2, inua mgongo milimita 7 kutoka kwenye jiwe; hapo uko kwenye pembe ya nyuzi 20. Kwa Mora usiinue kitu, laza ule mteremko mpana unaoshuka hadi makalini wote juu ya jiwe. Noa upande mmoja mpaka chuma kijikunje upande wa pili. Utakisikia ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda makalini, kamwe si kufuata urefu wa makali. Geuza, ufanye vivyo hivyo.

Wengi huacha hapo. Ule utepe uliojikunja unakata nywele za mkono jioni ile, halafu unakatika kwenye ubao na kuacha ukingo butu. Uondoe kwa kupitisha pande kwa zamu, mara kumi, mkono ukiwa mwepesi kabisa, kisha vuta kisu juu ya ngozi mgongo ukitangulia. Mkanda mkuukuu wa suruali unatosha.