Besi kuukuu yenye uwazi ndani: anza na shingo

Muuzaji wa gitaa la besi atakuonyesha uso unavyong'aa. Wewe igeuze, umulike tochi ya simu nyuma ya kichwa, pale kinapoungana na shingo. Chukua mfano wa Gibson EB-2: besi hii iliyotoka 1958 ina kichwa kilichoinama nyuma na shingo ya mahogani. Ikianguka chali, hapo ndipo inapovunjika. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mstari, au rangi hapo ikiwa nzito kuliko kwingine, huenda kuna ufa uliofichwa. Ufa uliogundishwa vizuri hudumu, ila bei lazima ishuke, na si kwa elfu mbili tatu.

Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti (vyuma vilivyokatiza shingo) ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja, uchungulie freti ya 7. Pengo la unene wa kadi ya jina halina neno. Likiingiza shilingi, shingo imepinda. Hilo fundi hulinyoosha kwa fimbo ya chuma iliyo ndani, mradi nati yake bado inazunguka. Ikiwa imekazwa hadi mwisho, mwachie mwenyewe.

Kupima sauti ni kazi ya jeki, yaani waya wa kuunganishia, na amplifaya kubwa, si ile ndogo ya mazoezi. Katikati ya mwili kuna gogo la mti linalozuia besi isivume ovyo ukipandisha sauti. Kitu kikitetemeka ndani, huenda kiungo kimebanduka. Noba za kupandisha na kushusha sauti zikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu. Lakini waya ukikatika ni mateso: nyuma hakuna kifuniko, kila kitu hutolewa na kurudishwa kupitia tundu la mbele kwa kamba. Fundi wa mtaa wa Luthuli, Nairobi, asiyelijua hilo atakutajia bei ya kazi nyingine kabisa.

Nyuzi nazo. Urefu wa uzi unaotetema kwenye EB-2 ni inchi 30.5, ilhali besi nyingi ni 34. Ukifunga nyuzi ndefu, sehemu nene huzungushwa kwenye kigingi cha kukazia na kukatika mapema. Tafuta nyuzi fupi kabla hujalipa besi yenyewe.

Na kama unapigia benga, sikiliza kwanza. Pikapu ya EB-2, yaani kinasa mtetemo wa nyuzi, iko karibu na shingo, sauti ni nene na ya giza. Mistari ya haraka huzama. Kwa nyimbo za taratibu kanisani, ni tamu sana.

Besi iliyokaa Mombasa? Jaribu kila skrubu ya daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini. Chumvi huzigandisha.