Ukikagua gudi kuukuu, anza na pampu

Gudi ni shimo la kutengenezea meli, linalojazwa maji meli iingie kisha likakaushwa. Mkaguzi mgeni akishuka kwenye gudi lililokaushwa, macho yake hukimbilia nyufa. Anapiga picha, anaandika ripoti nene, na mwenye gudi anamaliza bajeti ya mwaka kwa plasta. Mimi huanzia chumba cha pampu, na wa kwanza kumtafuta ni mwendesha pampu. Huyu mara nyingi hakuna anayemuuliza kitu.

Muulize pampu za kutoa maji ya chini ya sakafu hufanya kazi saa ngapi kwa siku, na zamani ilikuwaje. Kama ana daftari, lisome lote hata likiwa limelowa mafuta. Saa zikiongezeka, kuna mahali maji yanapenya. Zikipungua ghafla, msishangilie: huenda mifereji ya chini imeziba, na maji yaliyokosa njia yanaisukuma sakafu kwenda juu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila mita ya kina cha maji husukuma kwa takriban tani moja kwenye mita ya mraba. Sakafu iliyo mita 10 chini ya maji ya ardhini inasukumwa kwa karibu tani 10, na zege la unene wa mita moja lina uzito wa tani 2.4 hivi. Kwa hiyo tafuta michoro ya awali ujue sakafu inashikiliwa na nini: uzito wake, nanga zilizozamishwa ardhini, au mifereji hiyo. Bila kujua hilo, usikubali mtu atoboe sakafu kuchukua sampuli.

Maji ya nje nayo hayakai pale yalipokuwa wakati wa ujenzi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita rekodi ya 1964. Anayekagua gudi Kisumu kwa kutumia vipimo vya miaka ya ukame anajidanganya. Mombasa kuna kupwa na kujaa, na chumvi inayokula nondo mpaka zege linabanduka.

Penye uvujaji, kinga maji kwenye chombo cheupe uyaache yatulie. Yakiwa safi, andika kiasi chake uendelee. Yakiacha mchanga, udongo wa nyuma ya ukuta unahama. Gonga ukuta kwa nyundo usikilize wapi panalia patupu.

Sasa nyufa. Pigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali gudi likiwa na maji na likiwa tupu, kwa mwaka mzima. Ufa mpana uliotulia unaweza kusubiri. Mwembamba unaocheza, hapana.

Lango linalozuia maji ya nje yasiingie halisubiri zamu. Mwaka 2002 lango la gudi lilivunjika Dubai watu wakiwa kazini ndani, na zaidi ya 20 wakafa. Pima unene wa mabamba kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, hasa kwenye mstari wa maji ambako kutu hula zaidi, kagua mipira ya kuziba, na umtume mpiga mbizi akaangalie kizingiti.

Kwenye ripoti, zile rangi nyekundu, njano na kijani za kuonyesha ubaya wa kasoro hazinisaidii sana. Napendelea kila kasoro iandikiwe kipimo cha leo, tarehe ya kupimwa tena, na kiwango ambacho kikifikiwa gudi lisikaushwe mpaka litengenezwe.