Kabla ya kubadilisha picha, badilisha karatasi

Mtihani wa nusu muhula wa shule ya jirani ulikuwa na kurasa 4, nakala 120, na mwalimu aliuhitaji saa 1 asubuhi. Saa 3 usiku printa ikagoma. Taa ya njano inawaka na kuzimika, karatasi zimejaa kwenye trei, wino upo. Nikaizima nikaiwasha, nikatoa karatasi nikazipepeta nikazirudisha. Karibu saa nzima ilipita kabla sijaliona neno moja dogo kwenye dirisha la kuchapisha: Letter.

Letter ni karatasi ya Marekani. Ni pana kidogo kuliko A4 na ni fupi zaidi, takriban milimita 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Kompyuta yangu iliamini kwamba niko Marekani, na printa ikawa inasubiri karatasi ambayo hapa Morogoro sijawahi kuikuta dukani.

Wiki mbili kabla ya usiku ule nilikuwa nimehama kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint, ambao ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na nilijiona nimeshazoea. Nilikuwa nimeweka picha nzuri, nimebadilisha rangi ya folda, nimechagua mwonekano wa ikoni. Vitu vya macho nilivimaliza siku ya kwanza. Vitu vya kazi sikuvigusa, maana sikujua kama vipo. Ndiyo maana naandika: kama umebadilishiwa mfumo na unajihisi mgeni kwenye kompyuta yako mwenyewe, anza pale ambapo mimi nilichelewa kuanza.

Niseme kwanza kwa nini nilihama. Laptopu ya steshenari yangu ni ya mwaka 2015, RAM ya GB 4, mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa mpya kuliko yangu. Fundi mmoja alikuwa tayari kunipigia Windows 11 kwa kuruka masharti hayo. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta, akaniambia, "Shangazi, jaribu kwanza kitu kingine. Kikikushinda, tutarudi kwa fundi." Akaniletea Linux Mint kwenye flashi.

Hapo kuna jambo ambalo ningependa kila mtu alijue. Mint unaweza kuiwasha moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Inakuwa nzito kidogo kwa sababu flashi ni polepole, lakini unaiona yote. Nilifanya hivyo kwa siku mbili: nikajaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na kuchapisha ukurasa mmoja wa majaribio. Baada ya kuona vinafanya kazi, nikahamisha mafaili yangu yote kwenye diski ya nje, nikayafungua kadhaa kuhakikisha ni mazima, ndipo tukaisakinisha. Mint huja kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Cinnamon inafanana zaidi na Windows, yaani menyu chini kushoto, saa chini kulia; Xfce ni nyepesi kwa mashine dhaifu. Nilichagua Cinnamon, na nikabadilisha diski ya zamani nikaweka SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi zaidi. Hilo la SSD usiliweke kando. Hakuna mpangilio wowote utakaoiponya kompyuta ambayo diski yake inachukua dakika nne kuamka.

Sasa turudi kwenye karatasi. Wakati wa kusakinisha nilichagua Kiingereza, nikabonyeza kuendelea, kuendelea, kuendelea. Kiingereza kile kilikuwa cha Marekani, na nyuma yake kilikuja na mizigo: karatasi ya Letter, sarafu ya dola, na tarehe inayotanguliza mwezi. Karatasi ilinionyesha kosa usiku mmoja. Tarehe ilikuwa inaniharibia kazi kimyakimya. Daftari langu la madeni liko kwenye jedwali la LibreOffice, programu ninayotumia kuandikia na kupigia mahesabu. Nikiandika 4/3/2026 nikimaanisha tarehe 4 Machi, jedwali lilielewa Aprili 3. Nikiandika 25/3/2026, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, likaichukua kama maneno matupu. Nilipopanga madeni kwa tarehe, yakatoka vurugu, na mama mmoja nikamkumbusha deni ambalo muda wake ulikuwa bado haujafika. Nilimwomba radhi, lakini iliniuma.

Kuna sehemu tatu za kurekebisha, na zote tatu ni lazima. Ya kwanza ni mipangilio ya lugha ya mfumo mzima: pale kuna lugha, na kuna kanda, na ni vitu viwili tofauti. Lugha ya menyu unaweza kuacha Kiingereza. Kanda weka Tanzania, au Kenya, kulingana na ulipo. Kama haimo kwenye orodha, kuna kitufe cha kuongeza lugha, na utahitaji bando kidogo. Kisha toka kwenye akaunti uingie tena. Ya pili ni ndani ya LibreOffice yenyewe, kwenye chaguo za lugha. Hapo nilichagua Kiingereza cha Uingereza, ambako siku hutangulia mwezi kama tunavyoandika sisi. Ya tatu ni printa: fungua mipangilio yake uweke A4 iwe ndiyo ya kawaida. Nyaraka ulizokwisha kuzitengeneza zitabaki na Letter mpaka uingie kwenye kila moja na kubadilisha mtindo wa ukurasa, kwa hiyo fanya hili mapema, kabla hazijawa mia.

Ukiwa hapohapo kwenye lugha, ondoa pia ile mistari myekundu. Ninachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, mialiko ya harusi, vyote kwa Kiswahili, na kila neno lilikuwa linapigiwa mstari mwekundu kana kwamba lugha yetu yote ni kosa. Tunazoea, tunaacha kuiona ile mistari, na tukiacha kuiona, makosa ya kweli nayo yanapita. Kwenye duka la programu la Mint tafuta hunspell-sw, ambayo ni kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Ukishaisakinisha, iambie LibreOffice kwamba maandishi hayo ni Kiswahili. Kamusi hiyo haijui kila umbo la kitenzi, maana vitenzi vyetu vinabeba viambishi vingi, kwa hiyo maneno mengine sahihi bado yataguswa. Hayo unayaongeza mwenyewe. Lakini sasa ukurasa wa barua unanionyesha mistari mitano badala ya mia mbili, na katika hiyo mitano, miwili huwa ni makosa yangu kweli.

Ushauri wa mpwa wangu baada ya usiku ule ulikuwa, "Shangazi, wiki nzima usibadilishe kitu. Kaa na daftari." Niliweka daftari la kawaida la mistari kando ya kibodi. Kila mara mkono uliposita, au nilipobonyeza vitu vitatu kufika mahali pamoja, nilichora alama. Wiki ilipokwisha nilihesabu. Sikutegemea kabisa nilichokikuta: alama nyingi kuliko zote zilikuwa kwenye kubadilisha majina ya mafaili na kuhama kutoka WhatsApp kwenda kwenye nyaraka na kurudi.

Hii ndiyo kazi ya steshenari siku hizi. Mteja anasimama mlangoni, anakutumia faili kwa WhatsApp, unalipakua, jina lake ni tarakimu ndefu, unachapisha. Kwa siku ni mafaili sitini, sabini. Nilijifunza vitufe viwili tu: F2 hubadilisha jina la faili palepale, na F3 hugawanya dirisha la mafaili kuwa pande mbili, upande mmoja mafaili yaliyopakuliwa, upande wa pili folda ya siku. Folda za kila siku nazo nikaziwekea alama kwa Ctrl na D, zikajipanga upande wa kushoto. F2 inafanya kazi hata kwenye Windows, kama wewe hujahama. Vitufe viwili, na alama za daftari zikapungua zaidi ya nusu. Watu hukariri orodha za vitufe hamsini kutoka mtandaoni na kusahau vyote kufikia Ijumaa. Jifunze kile ambacho mkono wako umekidai.

Kuhusu WhatsApp, nataka nikae hapa kidogo, maana ni jambo la heshima kuliko wepesi. Skrini yangu inatazamwa. Mteja anayesubiri anasimama nyuma ya bega langu, na anachokiona ni vya mteja aliyetangulia: kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, mara nyingine majibu ya hospitali. Ujumbe mpya ukiingia, arifa inaruka juu kulia na maneno yake yote. Nilikuwa nimelizoea hili kwa miaka mpaka siku moja dada mmoja alipoona jina la mtu anayemfahamu kwenye karatasi isiyomhusu, akauliza. Sikuwa na jibu.

Cinnamon inakupa meza nne kwenye skrini moja, yaani nafasi nne za kazi (workspaces), kila moja na madirisha yake. Unahama kutoka moja hadi nyingine kwa kushika Ctrl na Alt na kubonyeza mshale wa kulia au wa kushoto. WhatsApp na barua pepe nimeziweka meza ya kwanza, uchapaji meza ya pili, na mteja akisogea ninahamia ya pili kabla hajafika. Arifa nimezizima kabisa saa za kazi. Kwenye mipangilio ya faragha nimezima kumbukumbu ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, ili orodha ya majina ya watu isijitokeze kila nifunguapo menyu. Nikiinuka kwenda kuchukua karatasi, Ctrl, Alt na L hufunga skrini. Na jioni, kabla ya kufunga mlango, mafaili ya wateja nayafuta na kapu la taka nalimwaga. Kama unafanya kazi inayopokea nyaraka za watu, fanya haya leo, hata kabla ya suala la karatasi.

Macho nayo. Nina miaka 47 na maandishi madogo yananiumiza kichwa kufikia saa 10 jioni. Kwenye mipangilio ya fonti kuna kipimo kimoja kinachokuza maandishi ya mfumo wote. Kiko kwenye 1.0, nimekiweka 1.2. Kishale cha mausi nimekiongeza ukubwa pia, kwa sababu wateja wangu wazee hupenda kufuatilia ninapowaonyesha barua zao. Mwanga wa samawati wa usiku nimeuweka upungue kuanzia jioni. Ule mwonekano mweusi ambao vijana wanaupenda nilijaribu siku tatu nikaurudisha. Duka langu linaelekea barabarani, jua linaingia mpaka mezani, na skrini nyeusi inakuwa kioo: ninajiona mwenyewe na bodaboda zinazopita. Kama unafanya kazi usiku chumbani, huenda wewe ukaupenda.

Kabla ya kubadilisha jambo kubwa, fungua Timeshift. Inakuja na Mint, na kazi yake ni kuhifadhi hali ya mfumo ilivyo sasa, ili mambo yakiharibika uurudishe hapo. Haihifadhi nyaraka zako, hizo bado ni jukumu la diski ya nje, na watu wengi wanalichanganya hili. Kwa makosa madogo kuna njia fupi: niliwahi kuvuruga upau wa chini mpaka menyu ikatoweka, nikabonyeza kulia kwenye sehemu yake iliyobaki, nikaenda kwenye utatuzi wa matatizo, nikarudisha mipangilio yote kama ilivyokuja. Dakika moja. Tangu hapo naandika kwenye daftari lilelile kila ninachobadilisha na tarehe yake, kwa sababu ukibadilisha vitu sita kwa pamoja na kimoja kikaleta shida, hutajua ni kipi.

Vipambo vya kupakua, saa za kuelea, hali ya hewa, vyote vinakula RAM, na kwa GB 4 unavilipia kila unapofungua ukurasa mzito. Nimevitoa. Picha ya milima ya Uluguru nimeibakiza.

Mwezi uliopita nimepata msaidizi, binti aliyemaliza kidato cha nne. Siku ya kwanza nilimwona anapeleka mausi upande wa kushoto wa kibodi, kisha anairudisha kulia na kubonyeza kwa shida. Nikamuuliza, akasema, "Natumia kushoto, mama, lakini nitazoea tu." Nikamfungulia akaunti yake, nikaenda kwenye mipangilio ya mausi, nikageuza vitufe viwe vya mkono wa kushoto. Asubuhi anaingia kwa jina lake na mausi inamgeukia. Mchana nikishika zamu naingia kwa langu, inarudi kulia. Waya tu ndio ulikuwa mfupi, ukabidi tuuhamishie tundu la upande wa pili.